Mbio za Kikwembe, Laeken

Mimi si mtu wa kukubali kushindwa, na hilo ndilo lililoniponza mwaka ule. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie mahali nisipostahili.

Nilikuja Brussels, msichana kutoka Lubumbashi, katikati ya miaka ya elfu mbili, nisome historia chuo kikuu. Nilikaa Saint-Gilles kwa shangazi yangu, binamu wa baba, katika moja ya zile nyumba ndefu za zamani zilizokatwakatwa vyumba, sisi tukiwa ghorofa ya tatu, ngazi zikilalamika kila hatua. Nilimwita Tantine, kama tunavyowaita mashangazi kwetu. Tantine alifanya usafi katika nyumba za watu, siku sita kwa wiki, na ya saba alikuwa kanisani. Mimi nililala sebuleni kwenye kochi, na kila asubuhi alipita kwenda kazini akitembea kwa ncha za vidole asiniamshe. Nilikuwa macho kila mara. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu nilipenda kusikia mtu akijisumbua hivyo kwa ajili yangu.

Mwaka wa mwisho ilibidi niandike tasnifu. Profesa alibandika orodha ya mada mlangoni kwake, na wenzangu wakaivamia. Kongo ilikwenda, Rwanda ikaenda, hata reli za Katanga zikachukuliwa na kijana wa Liège ambaye hajawahi kuona treni yetu ikikwama. Nilipofika ilikuwa imebaki mada moja: michezo na matabaka ya watu Uingereza kabla ya enzi ya viwanda. Baba aliponipigia simu aliniuliza Waingereza wa kale wananihusu nini. Nilimjibu kwamba elimu haina mipaka, jibu ambalo mtu hulitoa asipokuwa na jibu.

Lakini mada ile ilinipenda kabla mimi sijaipenda. Nilisoma juu ya mabwana wakubwa waliocheza kriketi timu moja na watunza bustani wao. Bwana akisikia kwamba kijana fulani wa kijiji cha jirani anarusha mpira vizuri, alimpa kazi bustanini kwake, hata kama maua hayahitaji mtu mwingine. Nilisoma juu ya watumishi waliokimbia mbele ya gari la farasi la bwana, na mabwana wakawekeana dau nani ana mtumishi mwenye mbio zaidi. Nikasoma pia juu ya mbio za shimizi. Kwenye sikukuu za vijijini walitundika juu ya mti shimizi mpya ya kitani cha Uholanzi, wakaipamba kwa utepe, na wanawake wakaikimbilia. Waliokimbia walikuwa wajakazi na wasichana wa mashambani. Wenye heshima zao hawakukimbia. Walikaa, wakatazama, wakacheka, wakawekeana dau.

Niliandika kurasa nyingi kuhusu mabwana. Wanawake wa shimizi niliwapa kurasa mbili, za hasira tupu: maskini waliodhalilishwa mbele ya matajiri kwa ajili ya nguo ya ndani. Niliona nimewatetea.

Mwezi wa sita nikaitetea tasnifu mbele ya Profesa na wasomaji wawili. Profesa alikuwa mzee mwembamba aliyekula mkate wake wa mchana juu ya meza ile ile ya kazi, makombo yakiingia kwenye vitabu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua zile kurasa mbili na kuuliza swali moja tu: baada ya mbio, zile shimizi zilikwenda wapi? Nani alizivaa, zilifanya kazi gani, na hao wanawake walikuwa wanataka nini?

Nilianza kusema juu ya udhalilishaji. Akasema hilo ameshalisoma, anauliza shimizi. Nikapekua nakala yangu: shimizi zilikuwa bado zimetundikwa mtini.

Walinirudisha hadi duru ya pili ya mitihani, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Kwa mwenzangu wa Liège kurudishwa kungekuwa kuharibikiwa likizo. Kwangu mimi karatasi za kuishi Ubelgiji zilikuwa za mwanafunzi, na ofisi ilikuwa imekwisha kuniandikia kwamba nisipofaulu mwaka huo hazitaongezwa muda. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: nijue shimizi zilikwenda wapi, au nifunge sanduku nirudi Lubumbashi bila cheti, mtaa mzima ukiwa umeshatangaziwa na baba kwamba mimi ni msomi.

Sasa lazima niwaeleze jambo la Laeken, na nimeomba ruhusa kwa wahusika kabla ya kuliandika.

Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, jumuiya yetu ya Wakongomani ilikwenda baada ya misa kula pamoja katika bustani kubwa ya Laeken. Walikuwapo watu wa Katanga na watu wa Kivu, wafanya usafi na wanasheria, watu wa sufuria na watu wa funguo za gari. Baada ya chakula zilifuata mbio za akina mama. Zawadi ilikuwa kitenge kimoja kizima cha wax ya Uholanzi, kikwembe cha kweli kama tunavyosema kwetu, kilichonunuliwa katika maduka ya Waafrika karibu na Porte de Namur na mke wa daktari mmoja. Huyo mama alikuwa mwema, wala simsemi vibaya. Alikaa kwenye kiti cha kukunja pamoja na wake wengine wa wakubwa, kitenge kikiwa magotini, na mshindi alikuja kukipokea kwake huku watu wakipiga picha. Waliokimbia walikuwa wengine: Tantine na wenzake wa usafi, wauguzi wa nyumba za wazee, mama mmoja wa jikoni hospitalini.

Miaka yote nilikaa upande wa viti. Hakuna aliyeniambia nikae huko. Mwanafunzi wa chuo kikuu alipewa kiti tu, nami nilikaa.

Mwaka ule, nikiwa na swali la Profesa kichwani kama mwiba, nilivitazama vile viti katika mawazo yangu, nikaona Uingereza. Nguo ya Uholanzi, matajiri wamekaa, maskini wanakimbia! Damu ilinichemka. Niliapa kwamba safari hii sitakaa. Nitakimbia na mama zangu, nionje udhalilishaji wao, kisha niuandike ipasavyo. Wiki tatu nilikwenda bustani ya Forest kila asubuhi kujinoa. Tantine aliniona nikifunga kamba za viatu akaniuliza ni nini hicho. Nikamwambia. Akakoroga chai yake.

“Bon,” akasema. “Lakini mutoto, usikimbie sana, hein. Kimbia kidogo tu, ya kuchekesha bantu.”

Nilifikiri anaogopa kifua changu, maana utotoni nilikuwa na pumu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi siku ile sikuwa najua hata kwamba kuna maana.

Tarehe kumi na tano jua lilitoka kama kwa kuagizwa. Akina mama walivua viatu, wakajifunga vitambaa viunoni, wakapanga mstari wakicheka na kusukumana. Karibu nami alisimama mama mmoja wa Bukavu, mnene, goti moja limefungwa bendeji, aliyekuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko huko Laeken. Aliniangalia viatu vyangu vya mbio, akaniangalia usoni, akatabasamu kwa namna ambayo sikuielewa.

Filimbi ikalia. Nilikimbia kama ninayefukuzwa na mbwa. Kwenye mti wa tatu kando ya njia nilikuwa peke yangu mbele, nikashangaa, maana nilijua Tantine ana mbio. Nikageuka kidogo. Tantine alikuwa ameshika ubavu. Mama wa jikoni alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye majani. Wengine walishika magoti. Ni mama wa Bukavu peke yake aliyekuwa anakuja, polepole, mikono ikipiga hewa, uso unang'aa kwa jasho na furaha, akilikokota goti lake la bendeji kuelekea kwenye kamba ya mwisho. Mwenda pole hajikwai, na mimi pia sikujikwaa. Nilishinda, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Upande wa viti walishangilia hadi ndege wakaruka. Mke wa daktari alinikumbatia akasema kumbe wasomi nao wana miguu, akanipa kitenge: kijani, na ndege wa rangi ya dhahabu. Upande wa waliokimbia walipiga makofi pia, lakini ya adabu. Mama wa Bukavu aliniambia félicitations, hongera, akaenda kukaa juu ya majani, akaanza kufungua bendeji yake akitazama chini.

Tulirudi kwa tramu. Nilimsimulia Tantine mbio zangu mwanzo hadi mwisho, naye alitazama dirishani. Tulipofika nyumbani aliweka chai jikoni, akakaa, akaniambia nikae.

“Ile course tunaimalizaka ku cuisine, siku mbili mbele,” akasema. “Tunakimbia na tour. Leo ilikuwa tour ya maman wa Bukavu. Six ans anangojea.”

Miaka sita. Akanieleza taratibu, bila ukali, jambo lililoniumiza kuliko ukali. Miaka ya mwanzo walikimbia kweli. Mama mmoja kijana alishinda mara mbili mfululizo, yakazuka maneno, watu wakaacha kusalimiana kanisani. Ndipo waliofanya kazi za mikono wakakutana jikoni kwa Tantine na kupatana: kila mwaka mmoja wao atafika wa kwanza, kwa zamu inayokumbushwa jikoni siku mbili kabla, na hakuna wa viti atakayejua. Kwenye mti wa tatu wote wanachoka. Mama wa Bukavu alikuwa amekwisha kumwahidi mama yake mzazi, mkongwe, kwa simu, kwamba mwaka huu anamtumia kikwembe cha Hollandais. Kulikuwa na mtu wa kusafiri nacho wiki ile ile.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

“Nilikuambia usikimbie sana. Ulitaka nikuandikie mu karatasi?”

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilikwenda pale kuwatetea wanyonge, nikamnyang'anya mnyonge nguo ya mama yake, tena hadharani, tena nikapigiwa makofi na viti. Na hakuna aliyeweza kunizuia, kwa sababu kunizuia kungefichua siri ya wote. Nililia pale pale mezani. Tantine aliniacha nilie, akanimiminia chai, akaniongezea sukari kijiko cha pili bila kuniuliza.

Kesho yake nilipanda metro hadi Laeken, kitenge kikiwa ndani ya mfuko. Mama wa Bukavu alinifungulia akiwa amevaa nguo za kazi. Zamu yake ilikuwa inaanza mchana. Nilipiga magoti sebuleni kwake nikaomba msamaha, nikamwekea kitenge miguuni. Alicheka. Alicheka hadi akalazimika kukaa. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu anakimbia kwa hasira namna ile, na kwamba viatu vyangu vilimtia huruma, akajua nimejinoa kabisa.

Kisha akakitandaza kitenge kitandani, akakipima kwa mkono, akachukua mkasi. Kabla sijasema kitu alikuwa amekikata vipande vitatu. Kimoja cha mama yake, kinamtosha, amekuwa mdogo kwa uzee. Kimoja chake. Cha tatu akakikunja akaniwekea kifuani. Nikakataa. Akaniambia kwamba nilikimbia, na mwenye kukimbia haendi mikono mitupu.

Hapo nikamwuliza swali ambalo, bila kujua, nilikuwa nimelibeba tangu mwezi wa sita. Nilimwuliza kama haoni haya kukimbia mbele ya wale waliokaa.

“Haya ya nini?” akasema. “Miye naoshaka bazee siku zote, hakuna mwenye kunipigia makofi. Siku moja kwa mwaka ninakimbia mu majani na barafiki yangu, bantu banapiga makofi. Ule maman anatupatia kikwembe juu tukimbie. Siye tunakimbia juu tupate kikwembe. Alors, kila muntu anafurahi. Weye ndiye ulilia.”

Nilirudi Saint-Gilles nikachana zile kurasa mbili. Siku kumi na tano zilizobaki niliandika upya. Nilitafuta shimizi zilikokwenda. Sikupata mengi, lakini nilijifunza kuuliza vizuri: kitani kile kilikuwa kizuri kuliko chochote ambacho mjakazi angeweza kujinunulia, kingeweza kuvaliwa siku ya ndoa, kuuzwa, kukatwa kumvika mtoto. Niliandika pia kwamba yote tunayoyajua kuhusu mbio zile yameandikwa na waliokaa, na kwamba mtu aliyekaa huona miguu tu. Tantine alinipikia kila siku, na siku mbili za mwisho aliniazima chumba chake chenye mlango, yeye akalala kwenye kochi. Alipita asubuhi kwenda kazini kwa ncha za vidole kama kawaida, ingawa safari hii mlango ulikuwa umefungwa.

Siku ya kujitetea nilivaa kipande changu cha kitenge, nimeshonewa sketi. Utetezi ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini sikutegemea watu. Nikiwa napanga karatasi zangu mlango ukafunguliwa, wakaingia mama zangu, wanne, waliopata nafasi kati ya kazi na kazi. Tantine alikuwa na mfuko wake wa glavu na sabuni. Mama wa Bukavu alikuja na sketi kama yangu. Wakakaa viti vya mbele. Safari hii wao walikaa, na mimi nikasimama mbele yao. Nyuma yao akaingia mtu ambaye sikumwalika: mke wa daktari, na maua mkononi. Alikuwa amesikia kanisani kwamba mwanafunzi wetu anajitetea. Akaketi katikati yao, akamsalimu mama wa Bukavu, akaisifu sketi yake.

Nilisema niliyoandika. Nilipofika kwenye shimizi Profesa aliweka kalamu chini. Nikamweleza yote: kitani, thamani yake, waandishi waliokaa. Nikasema kwamba huenda wanawake wale walikuwa na mapatano yao ambayo watazamaji hawakuyaona.

Akasema kwa upole kwamba hilo ni wazo zuri, lakini je, nina ushahidi gani kwamba wakimbiaji wanaweza kupatana hivyo? Nimeliona wapi?

Ushahidi ulikuwa umekaa mbele yangu, wote wanne, na sketi ya ndege wa dhahabu. Ningesema sentensi tatu tu, Profesa angefurahi, nami ningebaki Ubelgiji. Na mke wa daktari angesikia. Nilimtazama Tantine. Hakunipa ishara yoyote. Alitazama mikono yake iliyolala juu ya mfuko wa sabuni. Mama huyu alikuwa amenipa kitanda chake, na hata wakati ule hakuniomba kitu.

Nikageuka kwa Profesa. “Sijui,” nikasema. “Waliojua hawakuandika, na walioandika walikuwa wamekaa.”

Profesa alinitazama. Akaitazama safu ya mbele, akaiona sketi yangu, akaiona ya mama wa Bukavu. Sijui alielewa kiasi gani. Akasema kwamba katika kazi yetu hilo ni jibu halali, ila wanafunzi wengi hulitoa wakiwa wavivu, na kwamba mimi hanioni kuwa mvivu. Wakatutoa nje dakika chache, wakatuita tena. Nilikuwa nimefaulu, kwa alama za kawaida kabisa, za kutosha. Mke wa daktari ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Tantine alilia kimya kimya, akapangusa machozi kwa kitambaa chake cha kazi, akasema amechelewa, akakimbilia metro.

Nimeishi Brussels miaka mingi tangu siku ile. Nimefundisha, nimeolewa, nimepewa viti vingi vya mbele. Profesa alistaafu kabla sijapata maneno ya kumwambia kwamba swali lake moja lilinifaa kuliko masomo yangu yote, basi namwambia hapa. Mama wa Bukavu alinionyesha picha ya mama yake mzazi akiwa amejifunga kile cha kijani, amesimama wima kama askari.

Agosti iliyofuata nilikwenda Laeken nikiwa na viatu vya kanisani, nimekusudia kukaa juu ya majani na kupiga makofi. Tantine alinijia akanifunga kitambaa kiunoni, akanisukuma mstarini bila maelezo. Filimbi ikalia. Nilikimbia kidogo tu, ya kuchekesha watu, kama nilivyofundishwa, na mama zangu wakanipita wote kwa kelele. Tulipofika kwenye mti wa tatu, mmoja baada ya mwingine, wakashika magoti wote, na kamba ikabaki mbele yangu peke yangu.